Glavu ya Kushoto

Siku tisa sikusema kitu ila "nipo."
Nipo, mwalimu Skaidrīte akiita Vizma,
nipo, kwa sauti ya panya ndani ya gunia,
kisha nikarudi kwenye shingo ya sweta langu
nikakaa humo mpaka kengele.

Tulihamia Kuldīga mwezi wa kumi na moja,
mwezi usiofaa kumhamisha mtu popote:
saa kumi jioni giza limeshakaa sebuleni,
na theluji ya kwanza, ya majimaji,
inaingia viatuni bila hodi.

Mbele ya kioo nilikuwa mwingine.
Hujambo. Naitwa Vizma. Naweza kukaa hapa?
Nilizikariri sentensi hizo kama jedwali la saba,
nikazikunja, nikazitia mfukoni.
Nikifika mlangoni pa darasa
mfuko umetoboka.

Kuuliza si ujinga, mama alisema.
Kweli. Ila swali langu
lilikuwa na miguu ya mwanakondoo aliyezaliwa leo.

Niliwajua wote kwa viatu.
Mwenye buti za kaka yake, hukokota.
Mwenye kamba nyekundu hucheka kwa kwikwi,
akicheka, kisigino cha kulia kinapiga sakafu.
Nyuso zao? Usiniulize.

Chini ya dirisha kuna bomba la joto.
Hapo tulianika glavu zetu, ishirini na mbili,
zikanuka kondoo aliyenyeshewa.
Siku ya kumi, niko nusu ya daraja la matofali,
nikatazama mikono:
wa kulia una majua madogo aliyofuma bibi,
wa kushoto ni wa kijivu, mkubwa,
na dole gumba liko nje, jekundu kwa baridi.

Usiku huo sikulala mapema.
Nilitafuta sindano, nikatafuta uzi;
kijivu hakikuwepo, nikashona kwa njano.
Mishono mibaya. Niliifumua mara mbili.

Asubuhi, kamba nyekundu zikasimama mbele ya dawati langu.
Zikasimama. Hazikuondoka.
Ikabidi nipande na macho, goti, kifungo, kidevu,
nikafika: madoadoa puani, jino moja limepinda.
"Hii ina majua," akasema Dzidra, mkono umevaa glavu yangu.
"Yangu haina kitu."

Nikazitafuta sentensi zangu tatu.
Hata moja.
Kinywa kikafunguka chenyewe, kikatoa
nisichowahi kukifanyia mazoezi:
"Dole gumba lako lilikuwa linapata baridi."

Akaipindua glavu ya kijivu, akaona njano.
Kwikwi. Kisigino kikapiga sakafu.
Wengine wakageuka, nami nikaungua masikio
kama nimeyaegemeza kwenye bomba.

Kengele ikalia kabla hatujabadilishana.
Akaenda kukaa kwake, na jua langu mkononi.
Siwezi kusema siku hiyo nilipata rafiki.
Nilikuwa na glavu ya mtu,
yeye alikuwa na yangu,
na nje theluji ilikuwa imeanza tena.