Picha ya Kwenda Mueda

Nilimpiga ana kwa ana, flashi imemkodolea macho,
kama tunavyopiga za vitambulisho hapa Newala:
kaa wima, masikio yaonekane, usicheke, tayari.
Bi Agata Nandonde akaivuta kamera hadi puani,
akatazama, akatazama tena,
akanirudishia kama mtu anayerudisha chenji pungufu.

"Huyu nani?"

Ni wewe, bibi.

"Mimi nina nembo. Huyu uso wake sahani iliyooshwa."

Kweli. Mistari ya mashavu, pembe juu ya pembe
hadi kwenye paji, iliyochanjwa na kusuguliwa masizi
kabla mama yangu hajazaliwa,
flashi ilikuwa imeilamba yote.
Imebakiza mng'aro wa jasho
na kivuli cheusi ukutani, kimemganda mgongoni
kama mdai wa msimu wa korosho.

"Dada yangu yuko Mueda, ng'ambo ya Ruvuma.
Tulichanjwa siku moja, kisu kimoja.
Yeye alilia. Mimi nilimng'ata fundi.
Miaka arobaini hatujaonana. Sura imechakaa,
atanijua kwa mistari.
Ukimpelekea sahani tupu, atakula nini?"

Desemba iliyopita, pale Shimo la Mungu,
niliwacheka vijana waliosimama ukingoni usiku
wakilimulika bonde kwa simu, eti waipige Msumbiji.
Walipata ukungu na nondo wawili.
Flashi ina mkono mfupi, niliwaambia:
hatua nne, tano, imeshachoka.
Nikajiona mjuzi.
Sikuwaambia, kwa kuwa sikulijua,
kwamba hata karibu inaweza isione;
mwanga unaoingia bila hodi
hukuta kuta tu, wenyewe wamejificha.

Selemani Mrope, aliyenifundisha kazi Masasi,
alikuwa akiifunga flashi leso nyeupe siku za harusi.
Nilidhani ni mbwembwe.

Nikakitazama chumba. Juu hakuna dari, ni bati
lenye kutu na moshi wa miaka: mwanga ungeliwa wote.
Ukuta wa udongo mwekundu: ungerudi umevaa udongo.
Bibi, una kitu cheupe?

Akafungua sanduku, akapekua chini ya vitenge, chini kabisa,
akatoa pande la bafta, jipya, bado lina harufu ya duka.
Sikuuliza linangoja nini.
Mjukuu wake Sabina akalitandaza kwa mikono miwili, ubavuni.
Nikaigeuza shingo ya flashi, imwache bibi, itazame nguo,
nikaiongeza nguvu, maana safari imekuwa ndefu.

Mwanga ukaenda kwenye bafta, ukatua,
ukarudi kwa upande, taratibu, ukibisha.

Na mistari ikaamka.
Kila mmoja na kivuli chake chembamba pembeni,
kama matuta ya mihogo jua likiwa bado chini.
Ndani ya kila jicho, mraba mdogo mweupe.

Bi Agata akapitisha kidole shavuni, kingine kwenye kioo,
vikaenda sambamba,
vikasimama pamoja chini ya jicho la kushoto,
pale mstari mmoja ulipoteleza.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo nilipomng'ata."

Alinilipa elfu tatu, na korosho alizobangua mwenyewe.
Bahasha iliondoka Jumatatu na dereva wa lori la chumvi;
sijui kama imefika.
Nilichokiona mwisho ni yeye na Sabina wakiikunja bafta
kwa mikunjo ileile ya dukani,
naye akiikagua dirishani, upande huu, upande ule.

"Haijaingia doa?"

Mwanga hauachi doa, bibi.

"Haya. Sabina, irudishe chini kabisa."