Hema la Kukunjua

Dukani Warroad, ziwa limeganda tangu wiki ya jana,
Ardis Lindqvist hakuuliza bei.
Aliuliza uzito.
"Kilo arobaini," kijana akasema, "pamoja na kitelezi chake."
Akashika kamba, akaliburuta sakafuni
kupita rafu za chambo, hadi mlangoni na kurudi,
nyonga mpya ikilalama kama bawaba kavu.

Hilo la viti viwili lilikuwa na nafasi ya Gordy,
redio ya Gordy, na ushauri wa Gordy
ambao kwa miaka thelathini umefukuza samaki wengi
kuliko mashine ya kutoboa barafu.

La kiti kimoja lilikuwa jekundu, zito kiasi cha mbwa mzee.
Akaketi. Akanyoosha mkono nyuma, akavuta:
fito zikainuka, turubai likampita kichwani
likashuka, kope juu ya jicho.

Kimya.
Kijana akangoja. Akakohoa. Akapanga upya ndoana.
Ndani, Ardis alitazama zulia la duka
katikati ya buti zake, pale tundu litakapokuwa,
maji meusi, uzi umetulia.

"Mama, linakutosha?"

"Nyamaza," sauti ikatoka. "Wanakuja."