Hatua Mbili Kushoto

Nilianza na ndoo ya rangi isiyo na mpini.
Nikaijaza udongo, nikapanda mchicha,
nikainua simu yangu yenye ufa kwenye kioo,
nikasema, "Habari zenu wapendwa,
karibuni bustanini kwangu, Vingunguti."

Bustani! Ndoo tatu na beseni moja
kando ya ukuta wa choo.
Nyuma yangu mfereji ulikuwa umeshiba
chupa za maji, pampasi,
kandambili moja ya mguu wa kulia.
Nikasogea hatua mbili kushoto,
mfereji ukatoka kwenye picha.

Kumbe ndivyo mji unavyosafishwa:
hatua mbili kushoto,
na jua liwe nyuma ya anayepiga.

Watu wakapenda. Mia nne, mia saba.
Mmoja wa Mwanza akaniita dada wa kijani.
Mwingine akauliza kikapu nimenunua wapi
(nilikiazima kwa Mama Sikudhani,
nikakirudisha kabla hajaenda kuchukua dagaa).
Usiku, bando likiwa rahisi,
nilimtazama binti mmoja wa nchi ya mbali,
jiko lake jeupe, kila kitu ndani ya chupa za kioo
zenye vifuniko vya mbao.
Hata maji yake yalichemka bila kelele.
Nikautamani ukimya ule.
Nikanunua chupa sita Kariakoo, kwa mkopo.
Makopo ya Blue Band ya mama nikayatupa,
makopo yaliyotunza kunde
tangu sijaanza shule.
Nikaandika: *Safari yangu ya kuacha plastiki imeanza.*
Mioyo ikamiminika.

Kisha masika.
Mvua ile haikuwa na bando la kuisha.
Siku ya tatu, saa tisa usiku,
mfereji niliouondoa kwenye picha
ukaingia ndani bila hodi,
ukapita sebuleni kama mwenye nyumba,
na kandambili ile, ya mguu wa kulia,
ikapanda juu ya godoro.

Asubuhi nilikuwa na chaji asilimia tisa.
Sikusema habari zenu wapendwa.
Nilionyesha tope. Nilionyesha mchicha uliolala
kama nywele za maiti.
Nikageuka, nikauonyesha mfereji wote,
kutoka kwa fundi redio mpaka darajani,
mkono ukitetemeka,
na sikusogea kushoto.

Walitazama thelathini na mmoja.
Mmoja akaandika, *Dada siku hizi kontenti imeisha?*
Wa Mwanza hakusema kitu.
Halafu, saa nne,
mtu mwenye picha ya ua badala ya uso:
*Huo si mfereji wa nyuma kwa Mkumbukwa?*
*Mimi nyumba ya tatu. Nina reki.*
*Wewe una koleo?*

Miaka miwili alikuwa akinipa mioyo,
nyumba ya tatu!
Bustani hakuitambua.
Uchafu aliutambua mara moja.

Anaitwa Havijawa. Anakohoa akicheka.
Jumamosi ile tulikuwa wanne, pamoja na Kibwana
anayenunua chupa kwa kilo,
asiye na simu ya kutelezesha kidole,
aliyetuonyesha zipi zina bei na zipi hazina,
na kwamba vifuniko hupimwa peke yake.
Jumamosi iliyofuata tulikuwa wawili,
na mmoja alikuwa na mafua.
Maji yanapita, si sana.
Pampasi bado zinakuja, sijui za mtoto gani,
mtoto huyo hakui.

Mama amerudi kutoka Kisarawe.
Ametazama rafu: chupa za kioo nne, mbili zilivunjika,
deni lake bado zima.
Akauliza makopo yake yako wapi.
Nikasema, ngoja nitafute.

Jana Havijawa amefukua mfuniko mmoja
kwenye tope la chini kabisa.
Huenda ni wake, huenda ni wa mama mwingine.
Nimeuosha, nimeuanika ukutani.
Sijaupiga picha.