Bareketi

Sikuliona kitabuni kwanza. Nililiona chekecheni,
Namungo, mwezi wa Machi, miguu imezama topeni:
punje ya kijani, ndogo kuliko kunde.
Broka Nambunga akaibana kwa kibanio cha nyusi,
akaimulika kwa tochi ya simu,
na kitu kikaruka ndani yake,
kikanizaba jichoni, kikarudi kulala.
"Grini," akasema.
Kwake hilo lilitosha.

Mimi Notburga, binti wa katekista wa Chinongwe,
niliyekariri mawe kumi na mawili ya kifua cha kuhani
kabla sijajua kugawanya,
nilidandia lori la mabati hadi Ndanda
kwa Padri Adelhelmu, aliyekwenda kusomea Kiebrania
akarudi nacho kama mtu anavyorudi na kikohozi.

Akachora kwa chaki sakafuni, kulia kwenda kushoto:
beti, reshi, kofi.
Nikacheka. Kofi?
"Kofi," akasema, hakucheka.
"Ukizitamka pamoja unapata umeme,
ule wa mawinguni.
Bareketi: jiwe lenye tabia ya umeme."

(Nyumbani nilipomsimulia jirani yangu Somoe
alisema, huku akichambua dagaa:
"Na Buraki wetu, wa safari ya usiku,
unadhani alipewa jina kwa sababu gani?")

Basi mbona sisi tulisoma baharamani?
Padri akajikuna sikio.
Hilo, alisema, ni neno la Waajemi,
la jiwe jekundu.
Wagiriki walisema zumaridi. Kila mmoja alikuwa mezani kwake,
hakuna aliyekuwa na chekeche.
"Na wapo wanaosema si umeme hata kidogo:
kwamba jina lilitoka Bara Hindi, marakata,
limefungwa kifurushi kimoja na mawe yenyewe,
likafika limevunjika ncha,
na Waebrania, kwa kulionea huruma,
wakalipa ubini wa kwao."
Wewe unaamini lipi?
Akalifuta kwa kandambili.
"Mimi naamini lilikuwa linang'aa."

Njiani kurudi nilikuwa na sweta jekundu akilini.
Nilikuwa na miaka sita. Radi ilipiga upande wa Mbekenyera
na mama akanivua lile sweta kwa nguvu,
kifungo kikaruka, akalisokomeza chini ya kitanda,
akafunika kioo kwa kanga, akageuza masufuria.
Umeme, alisema, huufuata wekundu.
Na yule mfasiri, Mungu amrehemu,
aliuchukua umeme wenyewe
akauvisha sweta.

Ile punje iliuzwa Ijumaa.
Mnunuzi kutoka Selani hakuuliza jina.
Alisema uzito, karati moja nukta tatu,
akaikunja katika karatasi ndogo nyeupe,
naye akaenda zake kulekule
ambako huenda neno ndiko lilikotoka.
Nambunga akachukua chake, mwenye duara chake.
Mimi nilibaki na hela ya mabati manne
na chenga isiyofaa kitu, ndani ya chupa ya Panadol.

Jana usiku umeme wa Tanesko ulikatika
na ule mwingine ukaja, usiohitaji luku.
Mama, haoni vizuri siku hizi, akapiga kelele chumbani:
"Kioo!"
Nikafunika kioo. Nikageuza masufuria.
Chenga nikaiacha mezani, juu ya kifuniko cha chupa,
nikakaa mbele yake kama mtu anayesubiri matokeo ya darasa la saba.

Mara ya kwanza, kitu.
Mara ya pili, ukuta tu, mweupe, na kivuli cha birika.
Mara ya tatu nilikuwa nimepepesa macho,
kwa hiyo siwezi kula kiapo.
Lakini kuna kitu kilisomwa pale,
upesi, kutoka kulia.

Kisha giza, mvua juu ya mabati mapya,
na mama akiuliza kama nguo nimezianua.