Kiziwi wa Kitalu cha Tisa

Kwenye sahani ya kioo, juu ya jeli
niliyoichanganya na homoni ya ukame,
nilipanga mbegu mia mbili, kumi kumi,
kwa kibano, pumzi nimeibana.
Homoni ile ni habari mbaya.
Udongo ukikauka mmea huinong'onezana
mzizi hadi jani, na mbegu yenye masikio
hujikunyata gandani: bado, bado, nje hakujatulia.

Siku ya tano zote zilikuwa zimelala
ila moja. Imetoa mzizi mweupe,
mrefu kama ukucha wa mtoto,
nami nikapiga kelele hadi Higenyi akaja mbio
akidhani nimemwagikiwa na asidi.
Akainama. Akatazama.
"Usishangilie, Logose.
Huyo si shujaa. Huyo hasikii."

Tulimsoma baadaye, herufi kwa herufi.
Karibu milioni mia nne, na iliyokosewa ni moja,
katika jeni ya kipokezi, pale homoni inapotua
kama yai kiotani.
Kiota kimepinda, yai linateleza.
Habari inafika mlangoni, inabisha, inabisha,
na ndani mtu anakaanga vitunguu, anaimba.

Nilimpanda Doho, kitalu cha tisa,
Januari ile Manafwa iliposhuka hadi magotini mwa ng'ombe
na maji yakafunguliwa kwa zamu,
kwa daftari, kwa matusi.
Kushoto kwake nilimpanda mwoga:
jeni ileile, kosa jingine.
Huyo husikia hata kisichosemwa.

Jani lina vinywa, maelfu, vidogo kuliko vumbi.
Ili kuvihesabu nilipaka rangi ya kucha, ikakauka,
nikaibandua, nikaiweka chini ya darubini.
Mama alicheka: majani yako yanapambwa,
kucha zako zina tope.

Saa saba mchana mpunga wote ulijikunja,
mwembamba kama sindano za kushonea magunia,
vinywa vimefumbwa.
Yeye alisimama wazi, mpana, kijani kuliko wote,
akiyatoa maji yake hewani
kama mwenye harusi.
Wapita njia walimsifu yeye.
Siku ya nne alikuwa karatasi.

Mwoga alipona. Alifumba tangu asubuhi,
akafumba na jioni, hakula jua,
na mwisho wa msimu akanipa punje kumi na moja.
Mama alizisugua kiganjani, akazipuliza.
"Huyu kaishi," akasema,
"lakini hajamlisha mtu."

Sikumwambia kuwa nilimkumbuka Baba,
aliyeuza magunia yote mwaka wa bei nzuri
akanunua redio yenye spika nne,
na Mei tukala mizizi ya mihogo ya jirani.
Wala sikumwambia nilivyojikumbuka mimi,
barua ya Wesana nimeifungia sandukuni
miaka miwili, bila kujibu ndiyo, bila kujibu siyo.

Nilichoandika daftarini ni kuhusu wale wa katikati,
wasio na jina, namba tu,
ambao saa saba hufunga na saa kumi na mbili,
hewa ikipoa, hufunguka polepole,
jani likinyooka mbele ya macho yangu
kama mkeka unaotandikwa na mtu asiye na haraka.

Kiziwi mmoja nilikuwa nimembakiza ndooni,
nikimnywesha kwa mkono, kila siku, kwa siri kidogo.
Alizaa vizuri. Suke zito.
Kisha ikanyesha usiku mzima,
na asubuhi mbegu zake zilikuwa zimechipua
zingali kichwani mwa mama yao,
kijani juu ya dhahabu,
hazikungoja kuvunwa, hazikungoja hata kuanguka.

Mama alisimama mbele ya ndoo muda mrefu,
kombeo la kufukuzia ndege likining'inia mkononi.
Halafu akanitazama mimi,
akauliza kama nimeshakula.