Balungi

Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa
Zulma aliikunjua mezani, ikavuka ukingo, ikaning'inia.
Herufi ndogo kama ufuta.
Hutokea mara nyingi: mikono kutetemeka.
Hutokea mara chache: nywele kuota pasipo nywele.
Haijulikani ni mara ngapi: hapo orodha ikarefuka kuliko pote.
Akavua miwani. "Na mimi," akamuuliza paka,
"mimi ni mara ngapi?"

Ilikuwa Julai, mjini Salto,
baridi ya mto ikipenya chini ya mlango.
Figo ni la Wilmar, kaka yake, fundi bomba,
anayesema tangu upasuaji: "Pampu nimefunga, malalamiko sipokei."
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
figo lilishika jembe siku ile ile,
mkojo ukashuka mfukoni, wauguzi wakapiga makofi.
Lakini mbwa wa mwilini hawajui undugu.
Wangelirarua.
Ndiyo maana saa mbili asubuhi, saa mbili usiku,
Zulma huwalisha mbwa wake usingizi.

Nao wamelala. Wamelala mno.
Mafua ya mjukuu yaliingia bila hodi, yakakaa wiki tano.
Mkanda wa jeshi ukamzunguka mbavu kwa moto.
Uso umeviringa hata kitambulisho kimemkana:
karani wa benki aliitazama picha, akamtazama yeye,
akaitazama tena picha.
Kila Jumamosi hujifungia bafuni kwa komeo
na wembe wa marehemu mumewe.

Miaka ishirini na miwili alichambua balungi kiwandani,
akijua kwa kidole gumba lipi lina maji
na lipi ni kiburi cha ganda.
Sasa ni mwiko. Hata kipande, alisema daktari,
huipandisha dawa damuni.
Shoga zake wa kiwandani humletea mfuko mzima, wamesahau.
Hawakumbushi. Huyapanga dirishani,
hunusa vidole,
kisha huyagawa kwa majirani.

Januari, Jumapili jioni, jua lingali ukutani,
ndugu wamekaa uani duara:
kibuyu kimoja, mrija mmoja wa chuma, mdomo hadi mdomo.
Kinywaji chenyewe huitwa mate,
na sisi wenye lugha hii twaweza kucheka,
jina halikukosea.
Zulma ana kibuyu chake, mrija wake,
kofia pana hadi mabegani.
Mkono unatetemeka, maji ya moto yanamwagika pajani.
Mara ya kwanza hakuna aliyesema kitu.
Mara ya pili Wilmar akasogeza kiti,
akaushika ule mkono kwa chini, kama bomba linalovuja,
akamimina yeye.
"Linakojoa sawasawa?"
"Kama mvua."
"Basi tetemeka."

Saa mbili kasoro moja. Simu inalia mfukoni.
Mbwa wanataka kula.