Kuku Mgeni

Volga ni ya baba, ya sitini na nane.
Injini ni ya Nissan iliyopinduka Vanadzor.
Matundu hayakulingana; Hrachik akaifunga
kwa vyuma vya kitanda changu cha utotoni.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Kona ya saba ya mlima Selim,
paipu ya rejeta: pu!
Mvuke ukatufutia bonde zima.
Nikakata mpira wa bustani uliokuwa butini,
nikakaza waya mpaka vidole vikafa ganzi.
Shoghik akachota theluji
kwa sufuria tuliyokuwa tukiipeleka harusini.

Mchungaji mmoja akainama, akachungulia:
"Hii si Volga."

Sikumjibu. Nikapiga stata.
Ikakohoa mara mbili, ikaunguruma
kwa lafudhi ambayo baba asingeielewa,
ikapanda.